Kabla ya Kugawa Mirathi: Njia ya Mahakamani na Gharama Zake

Ndugu zetu wa Tukuyu na vijiji vya Rungwe hutujia mara nyingi baada ya swala, wakitutaka tuwagawie mirathi papo hapo. Kugawa si kazi ngumu kwa aliyesoma elimu ya faraidhi. Zito ni yale yatanguliayo, nayo wengi huyaruka, kisha yatima ndio wanaolipa.

Mjane mmoja, angali katika eda, alitutumia mwanawe mkubwa. Mumewe aliacha shamba la migomba na chai upande wa Katumba, ng'ombe wawili wa maziwa na akiba kidogo benki. Shemeji zake walikuwa wamekwisha kuikata migomba mafungu na kuondoka na ng'ombe mmoja, wakisema kwamba kwa Wanyakyusa mali ya mtu humwendea ndugu yake wa tumbo moja kabla ya kuwafikia wanawe. Kuhusu mila hawakusema uwongo. Ndivyo walivyofanya wazee. Lakini marehemu aliswali, alioa kwa nikaha ya msikitini, na aliacha wana wawili wa kiume na binti mmoja. Palipo na mwana wa kiume, ndugu wa marehemu huzuilika, hapati hata mgomba mmoja. (Angaliacha mabinti watupu, ndugu angekuwa na chake, twalisema hili ili maami wasitunung'unikie.)

Nani basi atawazuia? Si sisi walimu. Tangu mwaka 1963 Tanzania Bara haina mahakama za kadhi zenye nguvu ya dola. Shehe au kadhi wa BAKWATA aweza kuonyesha mafungu, na Mahakama ya Mwanzo aghalabu hupokea maelezo yake, lakini barua ya usimamizi wa mirathi hutolewa na mahakama. Nayo Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Ikizuka ubishi ni ipi ifuatwe, hutazamwa namna marehemu alivyoishi na alivyokusudia. Mahakama Kuu iliishika njia hiyo katika uamuzi wa mwaka 1969. Kwa hiyo cheti cha ndoa na wasia ulioandikwa mbele ya mashahidi si karatasi za kutupwa sandukuni zikaliwa na mchwa.

Kwanza hutakiwa cheti cha kifo. Kifo hupasa kusajiliwa ndani ya siku 30, na cheti hupatikana kwa msajili wa RITA wilayani. Kisha ukoo hukutana na kumpendekeza msimamizi. Muhtasari wa kikao hicho ni desturi ya mahakama zetu kuudai, nao uwe na majina ya warithi wote, wanawake na watoto wachanga wasisahauliwe. Ombi hupelekwa mahakamani, tangazo hubandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, shauri husikilizwa kwa Kiswahili, na msimamizi hupewa barua. Ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa hudaiwa kuleta orodha ya mali na madeni katika Fomu Namba 5, kisha hesabu ya alivyoitumia na kuigawa katika Fomu Namba 6. Hapa ndipo wengi huanguka. Msimamizi hudhani amerithi, kumbe ameaminiwa tu. Akifuja, warithi waweza kuomba aondolewe.

Sasa gharama. Ada ya Mahakama ya Mwanzo si kubwa. Kilacho fedha ni nauli za kwenda na kurudi, nakala za karatasi, tangazo la gazetini likiamriwa, na mpimaji au mthamini ikiwa ardhi ina hati. Mwenye kugombana hulipa zaidi: kila pingamizi ni safari nyingine ya mashahidi. Gharama za haki hutolewa katika mali ya marehemu, si katika kibindo cha mjane. Basi msimamizi na atunze risiti.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mali ya shilingi 14,000,000. Mazishi, madeni, na mahari ambayo mke hajalipwa (nayo ni deni, wala si zawadi) ni 1,600,000. Gharama za mirathi ni 400,000. Wasia haukuwapo, ungalikuwapo usingalizidi theluthi ya kilichobaki baada ya madeni. Zimesalia 12,000,000. Mke hupata thumni, yaani 1,500,000; mama mzazi sudusi, 2,000,000; na 8,500,000 ni za watoto, kila mwana 3,400,000 na binti 1,700,000. Anayeanza kugawa zile 14,000,000 kabla ya kulipa madeni amegawa mali ya watu.

Yule kijana tulimwandikia mafungu, tukamwambia aende mahakamani na mama yake mdogo awe shahidi. Maami walikuja siku ya kusikilizwa, wakakaa benchi la nyuma, wakaulizwa kama wana pingamizi. Mkubwa wao akatazama sakafu. Barua ilitolewa kwa jina la kijana. Usiku wa pili yake yule ng'ombe alirudishwa, akafungwa mlangoni pasipo neno.