Sava: Muuzaji Anayengoja Wateja

Ukitaja poti hapa kwetu Sio Port, kila mtu hufikiria ufuo wa ziwa, mashua na omena. Lakini kompyuta nayo ina poti zake, tena si chache: nambari zake hufika 65535. Leo nataka kueleza jinsi sava ndogo inavyoandikwa kwa lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Sava ni nini? Ni programu inayongoja kuulizwa, kisha inajibu. Mfikirie mama muuza samaki sokoni. Kazi yake ina hatua hizi:

1. socket() – anapata kibanda.
2. bind() – anaandika nambari mlangoni, tuseme 8080.
3. listen() – anafungua na kuruhusu foleni.
4. accept() – anampokea mteja wa kwanza.
5. read() na write() – anasikiliza, kisha anajibu.
6. close() – anaagana na mteja huyo na kurudi hatua ya nne.

Hapo kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni nambari. Kompyuta zetu nyingi hupanga baiti kinyume na vile mtandao unavyotaka, kwa hivyo ni lazima 8080 ipitie htons(). Ukisahau, sava itafungua mlango wa 36895, nawe utabisha pale 8080 hadi uchoke! Mtego wa pili ni accept(). Hiyo hukupa soketi mpya ya kuzungumza na mteja. Ile ya kwanza hubaki mlangoni kungoja wengine. Ukizichanganya, mteja hapati jibu.

Je, wateja wakiwa wengi? Tumia fork(), ambayo huzaa programu-mtoto wa kumhudumia kila mmoja, kama mama anavyomwita msaidizi.

Wenzangu, msiseme kwamba hatuna intaneti. Anwani 127.0.0.1 ni kompyuta yenyewe kujiita, kwa hivyo sava na mteja waweza kukaa katika mashine moja bila waya wowote. Kila tunapotuma pesa kwa simu, kuna sava mahali fulani inayotujibu, na kuna mtu aliyeiandika. Mbona sisi tuwe wateja siku zote? Kalamu na karatasi zatosha kuanzia: andikeni hatua hizo sita, mzielewe, halafu mkipata zamu ya kompyuta msipoteze hata dakika.