Kuzoesha na Kuambatisha: Tatizo la Istilahi Mbili za Kujifunza kwa Wanyama

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa saikolojia anayeishi katika mtaa wa Muhumba, mjini Bukavu, hutumia zaidi ya lugha moja kwa siku. Darasani husoma kwa Kifaransa. Nyumbani na sokoni huzungumza Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo. Akitakiwa kufafanua kwa Kiswahili majaribio ya kujifunza kwa wanyama, hukabiliwa na istilahi mbili za Kifaransa: "habituation" na "conditionnement". Neno linalomjia upesi kwa zote mbili ni kuzoesha. Makala hii inaeleza kwa nini neno hilo halifai kubeba dhana zote mbili, na kwamba mji wa Bukavu wenyewe una ushahidi wa kuzitenganisha.

2.0 Asili ya istilahi

Istilahi ya pili ina historia yenye mafunzo kwa mfasiri yeyote. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliona kwamba mbwa hutoa mate si kwa kupewa chakula tu, bali hata kwa kusikia sauti ambayo imekuwa ikitangulia chakula, kama vile mapigo ya metronomu. Mwitiko huo aliuita kwa Kirusi "uslovny", yaani unaotegemea sharti fulani. Kazi yake ilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1927, neno lililochaguliwa lilikuwa na maana ya kitu kilichokwisha kutiwa katika hali fulani. Kihispania nacho kina "condicionado". Kifaransa kimetumia maumbo yote mawili, "conditionnel" na "conditionné". Kwa tofauti hiyo ndogo ya umbo, wazo la sharti lilififia, na wazo la mnyama aliyegeuzwa likatangulia. Tena, katika Kifaransa "conditionnement" hutumika pia kwa ufungashaji wa bidhaa. Mfasiri anayetegemea kamusi ya biashara anaweza kupotoka kabisa.

3.0 Kuzoesha: ushahidi wa Kahuzi-Biega

Magharibi ya Bukavu ipo Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980. Huko, Mbelgiji Adrien Deschryver, akisaidiwa na wafuatiliaji nyayo wa Kibatwa, aliendesha kazi ya kuwazoesha gorila kuwaona binadamu. Utaratibu wake ni wa subira. Watu hulifikia kundi la gorila mara kwa mara, hukaa kwa utulivu, kisha huondoka. Mwanzoni gorila hukimbia, au dume kuu huwatishia wageni kwa kuwavamia. Kwa kuwa hakuna jema wala baya linalofuata ujio huo, hofu hupungua kidogo kidogo hadi wanyama wakaendelea kula mbele ya wageni.

Jambo la kuzingatia ni kwamba gorila hapewi chochote. Hajifunzi kutenda jambo jipya. Anaacha kuitikia kichocheo ambacho hakina matokeo. Hiyo ndiyo maana halisi ya "habituation", na ndiyo maana ya kawaida ya kitenzi kuzoea katika Kiswahili: aliyezoea kelele za barabarani hulala usingizi.

Mazoea hayo yana hatari yake. Gorila aliyezoea binadamu hatofautishi kwa urahisi mtalii na jangili. Katika vita vya miaka ya 1990 makundi yaliyozoeshwa yalishambuliwa vibaya, na gorila wa nyanda za juu za hifadhi, waliokaribia 250 kabla ya vita ya 1996, walibaki wapatao 130 mwaka 2000.

4.0 Kuambatisha: ushahidi wa Morogoro

Kinyume chake kinaonekana Morogoro, Tanzania, ambako shirika la APOPO, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Hatua mojawapo ya mwanzo ni kumsikilizisha panya mlio mfupi wa kifaa cha mkononi, kisha kumpa chakula, kwa mfano ndizi. Mlio huo hapo awali hauna maana kwake. Baada ya kuambatana na chakula mara nyingi, huwa ishara ya chakula, na mkufunzi huutumia kumjulisha panya kwamba amefanya sawasawa.

Hapa mnyama hakuacha kuitikia. Ameanza kuitikia jambo ambalo hakulijali. Tendo la kuunganisha vichocheo viwili namna hii linastahili kuitwa uambatishaji.

5.0 Suala la "sharti"

Kwa mwitiko unaotokana na uambatishaji, Kiswahili kina neno linalorejesha maana ya Pavlov, nalo ni sharti. Mate hutoka kwa sharti kwamba sauti huandamana na chakula. Sauti ikiendelea kusikika bila chakula, mwitiko hufifia. Hata hivyo, sharti lina maana ya lazima pia, kama katika "sharti uje". "Mwitiko wa sharti" unaweza kueleweka kuwa ni mwitiko wa lazima, yaani ule wa kuzaliwa nao, na maana ikapinduka. Ni afadhali kusema "mwitiko wenye sharti" na "mwitiko usio na sharti", kwani maumbo hayo hayana utata.

Dhana yenyewe si ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Methali isemayo "Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka" inaeleza jambo hilohilo: maumivu ni kichocheo kisicho na sharti, na unyasi umepata nguvu ya kutisha kwa kuhusishwa na nyoka.

6.0 Hitimisho

Kutenganisha istilahi hizi si suala la ufasaha peke yake. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mbwa wa Pavlov na gorila wa Kahuzi wote "wamezoeshwa" anaweza kudhani kwamba gorila nao hukaribiwa kwa kupewa chakula. Kumlisha gorila ni kumfunza kumfuata binadamu, jambo ambalo mwongoza watalii hulikataza. Kwa hiyo inafaa kuzoesha libakie kwa "habituation", uambatishaji utumike kwa "conditionnement" wa Pavlov, na mwitiko wenye sharti kwa matokeo yake. Kwa kuwa Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, istilahi zinazotumika Bukavu na Morogoro zina kila sababu ya kuwa moja.