Fahamu: BMI ina maana gani kwa mkazi wa Kibera na Kawangware
Wengi hudhani shida ya lishe katika mitaa ya Kibera na Kawangware, Nairobi, ni njaa pekee. Njaa ipo, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi, na chapati, mandazi na chipsi za kando ya barabara hushibisha haraka kwa pesa kidogo. Hapo ndipo BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu, inapofaa: chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Mwenye kilo 77 na mita 1.60 hupata 30, mwanzo wa unene wa kupindukia. Kawaida ni 18.5 hadi 24.9.

Utasema kijana wa mjengo ana misuli, si mafuta. Kweli, BMI haitofautishi, kwa hiyo pima kiuno pia: kisifikie nusu ya urefu wako. Wengine huogopa kupungua wasije wakadhaniwa wana ukimwi. Hofu hiyo inaumiza, ila kisukari na presha havingojei maoni ya jirani. Ukienda kliniki, omba upimwe urefu, si uzito tu.