Kemikali za Mazingira na Mtoto wa Kiume Aliye Tumboni

Maumbile ya kiume hayasubiri kubalehe. Kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya ujauzito, korodani changa za kijusi hutoa homoni ya testosteroni, nayo huelekeza ujenzi wa uume, njia ya mkojo na mirija ya mbegu. Homoni hiyo ikikosa nguvu katika kipindi hiki kifupi, nafasi hairudi. Kasoro huweza kuonekana mtoto anapozaliwa, au ikajificha hadi atakapotafuta mtoto wake asimpate.

Baadhi ya kemikali za mazingira huingilia kazi hiyo, na mojawapo ni DDT. Mwilini hugeuka kuwa DDE, ambayo hukaa katika mafuta kwa miaka mingi na hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa kijusi. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa DDE huziba vipokezi vya homoni za kiume. Homoni ipo, lakini hukuta ufunguo mwingine umekwishatiwa kitasani.

Katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, ambako DDT imepuliziwa majumbani kupambana na malaria, Riana Bornman na wenzake waliwachunguza wavulana wachanga 3,310. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa wavulana ambao mama zao waliishi katika vijiji vilivyopuliziwa walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 33 wa kuzaliwa na kasoro za viungo vya uzazi na mkojo. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba kasoro ya mtoto fulani ilisababishwa na DDT, wala si sababu ya kumlaumu mama.

Je, tukatae kupuliziwa nyumba? La hasha. Malaria huua watoto na wajawazito, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaruhusu DDT dhidi ya wadudu waenezao magonjwa pale ambapo mbadala unaofaa haupatikani. Kinachotakiwa ni uangalifu. Chakula, maji na vyombo vitolewe kabla ya kupulizia. Mjamzito abaki nje hadi ukuta ukauke, na mtu mwingine afagie. Makopo ya viuatilifu yasihifadhie maji wala mafuta ya kula. Mwanamke anayetarajia kushika mimba asichanganye dawa za shambani. Ushauri huu umfikie mapema, kwa kuwa wajawazito wengi Afrika Mashariki huanza kliniki kipindi hicho kikiwa kimekwisha kupita.

Lililobaki liko mikononi mwa wazazi na wahudumu wa afya: kila mvulana akaguliwe anapozaliwa. Korodani ambayo haijashuka aghalabu hushuka yenyewe katika miezi ya mwanzo. Ikifika miezi 6 bado, mtoto apelekwe kwa daktari wa upasuaji, ili arekebishwe kabla ya kutimiza miezi 18. Kuchelewa hupunguza uwezo wa kuzaa na huongeza hatari ya saratani ya korodani.

Tundu la mkojo likionekana upande wa chini wa uume badala ya nchani, mtoto asitahiriwe kwanza. Daktari huweza kuihitaji ngozi ya govi kutengenezea njia ya mkojo, na ikishakatwa haipatikani tena.