Kutembea kwa Miguu katika Mji wa Unguja, Mji wa Makanisa Makuu Mawili

Mji wa Unguja una makanisa makuu mawili, moja la Kianglikana pale Mkunazini na moja la Kikatoliki upande wa Shangani, na mtu aendaye kwa miguu pasipo haraka aweza kuyaona yote mawili katika asubuhi moja. Twaandika habari hizi kwa ajili ya walimu wenzetu wa Morogoro na wa milima ya Uluguru, ambao kila mwaka huwafundisha watoto habari za mji huo, na wengi wao hawajaukanyaga. Siku hizi safari si ngumu. Tangu mwezi wa Juni 2024 treni ya umeme huchukua watu kutoka Morogoro mpaka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, na boti ziendazo kasi huvuka bahari kwa muda kama huo. Basi atokaye kwetu Mwembesongo alfajiri aweza kula chakula cha mchana Forodhani.

Lakini wako wenyeji wa nchi hii waliokwenda Unguja kwa njia nyingine. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene, binti Kisabengo, umezungukwa na ukuta wa mawe wenye minara penye pembe zake, na milango yake ilikuwa ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi kwa namna ya Waarabu. Kisabengo mwenyewe, aliyekuwa Mzigua, alisifika kwa nguvu zake na kwa kuteka watu. Wazee wa Uluguru husimulia ya kwamba wengi walipanda juu milimani kwa kuogopa vita vya namna hiyo. Na jina la Waluguru, kama tujuavyo, latokana na neno lao la mlima. Wale walioshikwa walifungwa, wakapelekwa pwani, na katika pwani walivushwa Unguja. Kwa hiyo mwalimu wa kwetu akienda kuutazama mji ule, haendi kutazama mambo ya wageni tu.

Tuanzie Forodhani, mahali pa kushukia. Jina lenyewe laeleza kazi yake: forodha ni nyumba ya ushuru, neno tulilolipata kwa Waarabu. Hapo mbele ya bahari yasimama majengo mawili makubwa. La kwanza ni Beit al-Ajaib, nyumba ya Sultani Barghash iliyojengwa mwaka 1883, ambayo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. La pili ni Ngome Kongwe. Wageni wengi huipita ngome hii upesi, nasi twaona si haki, maana mahali hapo palikuwa na kanisa kabla ya makanisa yote mawili tuliyoyataja. Wareno walijenga kanisa dogo hapo mwanzoni mwa karne ya 17. Na Waarabu wa Omani walipowatoa Wareno, mwishoni mwa karne ile ile, walijenga ngome yao papo hapo. Kanisa lile halipo tena, ila Wareno walituachia maneno. Neno padre ni lao, na neno meza pia. Kanisa, askofu na msalaba twalipata kwa njia ya Kiarabu, na altare latokana na Kilatini. Mwalimu wa lugha aweza kusimama chini ya ukuta wa ngome akawaonyesha wanafunzi wake jinsi maneno ya ibada yetu yalivyoingia nchini kwa milango mbalimbali, mengine kwa watu waliopigana wao kwa wao.

Kutoka ngomeni twaingia katika vichochoro, na hapa hatuna budi kumwonya msomaji. Minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu huonekana vizuri kutoka baharini, hata mtu adhani ya kuwa atalifikia bila kuuliza. Lakini akiisha kuingia kati ya nyumba, minara hutoweka kabisa, kwa sababu njia ni nyembamba na nyumba ni ndefu. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hazina urefu mwingi, vyumba navyo ni vyembamba, hata nyumba ya tajiri. Dawa ya kupotea ni kusalimu. Mbele ya nyumba nyingi pana baraza ya mawe, na watu huketi hapo kuzungumza, kunywa kahawa na kucheza bao. Mgeni asipite kimya kama mtu asiyeona watu. Naye asiulize njia kabla ya kutoa salamu na kungoja jibu lake. Tumeona mtu akiuliza kwa haraka akaonyeshwa kidole tu, na mwingine aliyewapa wazee shikamoo akapelekwa na mtoto mpaka mlangoni mwa kanisa.

Milango yastahili kutazamwa njiani. Ile yenye kizingiti cha juu kilichonyoka ni ya namna ya Waarabu, na ile yenye upinde na njumu nyingi za shaba ni ya namna ya Kihindi, ijapokuwa mafundi waliiga wao kwa wao. Katika nakshi utaona mawimbi, samaki, maua, na mara nyingi mnyororo ukizunguka miimo. Waongozaji wa wageni wana maana tayari kwa kila alama. Sisi twashauri kuyasikiliza maelezo yao kwa adabu pasipo kuyaandika yote daftarini.

Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na wamisionari Wafaransa katika miaka ya 1890, nalo ndani lina picha za kuta na vioo vya rangi. Jimbo la Zanzibar lilianzishwa baadaye sana, mwaka 1980. Lakini misheni yenyewe ni ya zamani kuliko jengo. Mapadre Wafaransa walifika Unguja mwaka 1860, na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi mwaka 1863. Kutoka hapo walivuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868, wakafika Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, na Morogoro mwaka 1882. Wasomaji wetu waitazame miaka hiyo kwa makini, maana ndiyo njia ya misafara ikifuatwa kwa kurudi nyuma. Watoto walionunuliwa na mapadre katika soko la Unguja walilelewa, wakafundishwa kazi na dini, wakaoana Bagamoyo; na jamaa zao baadhi ndio waliopelekwa Mhonda kuwa mwanzo wa Ukristo katika nchi ya Nguru. Watu waliopitishwa barabarani kwa minyororo walirudi bara kwa barabara hiyo hiyo, wakiwa na majembe yao na vitabu vyao. Sisi hatujui habari nyingine ya mkoa wetu iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo huandikwa kwa mistari miwili tu vitabuni.

Si mbali na hapo, Shangani, iko nyumba ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905. Alikuwa mfanyabiashara mkuu wa pembe na watumwa. Tena, jambo liwasumbualo wengi, habari za maisha yake alizozitunga mwenyewe ni katika maandiko ya kwanza ya namna hiyo kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni kizuri. Mwalimu wa lugha hawezi kumruka, na mwalimu wa historia hawezi kumsifu. Na wapite mbele ya nyumba yake pamoja wakibishana.

Kutoka Shangani twaelekea mashariki kwa njia za Sokomuhogo mpaka Mkunazini. Sisi tukaao Mwembesongo twalipenda jina hili, kwa kuwa mtaa wetu nao waitwa kwa mti. Ni desturi ya pwani na ya bara pia, mti wenye kivuli kuwapa watu jina la mahali. Hapo Mkunazini ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, ambayo Balozi John Kirk aliyasimamia, na soko likafungwa. Padre Arthur West wa misheni ya Vyuo Vikuu alinunua sehemu ya uwanja, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji. Siku ya Kuzaliwa kwa Bwana mwaka ule ule wa 1873 jiwe la msingi liliwekwa. Na siku hiyo hiyo mwaka 1879 kanisa lilifunguliwa kwa ibada.

Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Dari lake ni tao moja lenye upana wa futi 28, lililojengwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, na watu wengi walitazamia ya kwamba litaanguka. Halikuanguka. Karibu na mlango wa magharibi ziko nguzo ndogo ambazo, kama wenyeji wasimuliavyo, mafundi walizisimika kichwa chini askofu alipokuwa safarini, naye akaziacha vivyo hivyo. Husimuliwa pia ya kwamba Sultani alitoa saa ya mnarani kwa sharti mnara usipite urefu wa nyumba yake. Mbele, penye altare, huonyeshwa mahali pa mti ambapo watumwa walipigwa mijeledi; na nyuma ya altare alizikwa Steere, aliyefariki mwaka 1882. Uko na msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti ule wa Chitambo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Katika kanisa hili mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani alipokuwa mtoto, alipata daraja ya upadre, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuipata.

Steere twamkumbuka pia kwa kazi ya lugha. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi alizozikusanya kwa watu wa Unguja vilitoka mwaka 1870. Mkutano wa Mombasa ulipokutana mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulichagua usemi wa vichochoro hivi tulivyovipita, ambao tayari ulikuwa umekwisha kuandikwa na kupigwa chapa. Na mahali hapa yafaa kulitazama neno moja. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Mtume naye ni mtu aliyetumwa. Maneno mawili, shina moja, kutuma. Kinyume cha mtumwa alikuwa mwungwana, yaani mtu huru wa kuzaliwa, na kwa kuwa mwenye uhuru ndiye aliyehesabiwa kuwa na adabu, neno uungwana limekuja kuwa na maana ya tabia njema. Leo twamwambia mtoto yeyote awe mwungwana, wala hatukumbuki ya kuwa zamani watoto wengi hawakuweza kuitwa hivyo kwa jinsi yoyote ya mwenendo wao.

Nje ya kanisa liko shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa shingoni kwa mnyororo, kazi ya Clara Sörnäs, Mswidi, ya mwaka 1998. Sanamu zimezama ardhini hata magoti, na atazamaye hulazimika kuinama macho. Twaona inatosha kusimama hapo bila maneno mengi.

Lakini karibu yake, chini ya nyumba iliyokuwa hospitali ya misheni, wageni huonyeshwa vyumba viwili vya giza, vyenye dari fupi, huambiwa kwamba watumwa walirundikwa humo wakingoja mnada. Hapa hatuna budi kusema wazi. Nyumba ile ilijengwa na misheni katika miaka ya 1890, miaka ishirini hivi baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamelieleza jambo hili. Wako walimu wasemao, Ina madhara gani? Mtoto akiona chumba huamini, na jambo lenyewe ni la kweli. Sisi twakataa. Mtoto huyo atakua, atasoma mwaka wa kujengwa kwa nyumba, naye akiisha kuona ya kwamba chumba si cha soko, ataanza kulitilia shaka soko lenyewe, na wako watu watakaofurahi kumsaidia katika shaka hiyo. Soko halihitaji vyumba vile. Lina mapatano yenye tarehe na sahihi, lina maandishi ya walioliona kwa macho, lina watoto walionunuliwa humo ambao wajukuu wao twawajua. Mwalimu na aingie vyumbani na wanafunzi wake, aeleze yasemwayo, kisha aeleze mwaka wa jengo, na kuwaacha wapime.

Awaeleze pia ya kwamba kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Mwaka 1873 lililokatazwa ni kuuza sokoni na kusafirisha baharini. Mtu aliyekuwa mtumwa shambani kwa bwana wake alibaki mtumwa. Amri ya kuondoa hali hiyo Unguja ilitoka mwaka 1897, na kwetu bara sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1922. Basi kanisa hili lilikwisha kuwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini, na kengele zake zikilia, wakati ambapo Morogoro bado walikuwako watu wenye mabwana.

Atokaye Mkunazini upande wa mashariki hutokea mara Darajani, kwenye soko la vyakula na zogo kubwa. Daraja lenyewe halipo, kwa kuwa mkono wa bahari uliotenga mji na Ng'ambo umekwisha kufukiwa, na barabara kubwa yapita juu yake. Mwenye nguvu bado aweza kupanda gari hapo aende Mbweni, kusini mwa mji, alikojenga misheni makao ya watumwa waliowekwa huru na shule ya wasichana. Kwa miguu ni mbali, na jua la mchana la Unguja si kama la Uluguru.