Umeme wa Geto Haugawanywi Kama Maji ya Mfongo

Mwanafunzi aliyekulia Kibosho, Machame au Marangu ana bahati moja kwenye fizikia: ameuona mkondo kabla ya kuusoma. Mfongo, yaani ule mfereji unaochepusha maji ya mto kule juu na kuyashusha hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa, unaeleza nusu ya somo la umeme bila hata chaki. Mteremko ndio volti. Wingi wa maji yanayopita kila sekunde ndio mkondo, ambao kwenye umeme tunaupima kwa ampea. Mawe na majani yanayobana njia ndio ukinzani. Mteremko ukizidi, mkondo unaongezeka. Njia ikibana, unapungua. Georg Ohm, Mjerumani, aliiweka sheria hiyo kwa hesabu mwaka 1827.

Nilipokuwa field niliutumia mfano huu Kidato cha Pili na darasa likachangamka (ghafla kila mtu mtaalamu). Kisha nikauliza: tukichomeka taa tatu kwenye ekstensheni moja, itakuwaje? Jibu likaja haraka: "Zitagawana, ya mwisho itapata kidogo."

Kwa mfongo hilo ni sahihi kabisa. Wa juu akifungua maji, wa chini anapungukiwa, ndiyo maana kuna zamu. Kwa umeme wa nyumbani si kweli, na nadhani wengi wetu tumefika chuo tukiwa na jibu lilelile kichwani.

Kwanza, maji ya mfongo hayapandi tena mlimani. Mkondo wa umeme lazima uwe na njia ya kurudi, ndiyo maana waya ni mbili, na kiasi kinachokwenda ndicho kinachorudi. Balbu "hailí" mkondo. Kinachotumika ni nishati, na hiyo ndiyo LUKU inayoihesabu.

Pili, vifaa vya nyumbani vimeunganishwa sambamba. Kila kimoja kinapata volti zilezile, 230 kwa hapa kwetu, na kinavuta mkondo wake kamili bila kukipunguzia kingine. Mikondo hiyo inajumlishwa kwenye waya unaovilisha vyote. Chukua geto la kawaida asubuhi ya kipindi cha saa moja: pasi ya wati 1,000, hita ya maji ya wati 1,500, jiko la koili la wati 2,000. Jumla 4,500. Gawanya kwa 230, unapata karibu ampea 20, wakati ekstensheni nyingi zimetengenezwa kwa ampea 13, nyingine 10 tu.

Sasa angalia ubaya wake. Pasi inanyoosha, maji yanachemka, ugali unaiva. Hakuna kifaa kinacholalamika, kwa hiyo hakuna mtu anayeshtuka. Kinachoteseka ni waya uliopita chini ya godoro, na joto lake haliongezeki taratibu: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Plastiki inalainika, waya zinagusana, godoro liko hapo hapo.

Kwenye mfongo kuna mzee anayesimamia zamu. Kwenye umeme mzee huyo ni fyuzi: kiwaya chembamba kinachoyeyuka kwanza ili waya mkubwa upone. Ukiifunga fyuzi kwa karatasi ya sigara, kama nilivyoona kwenye mageto kadhaa hapa Moshi, umemfukuza mzee na maji yameachiwa.

Hesabu yenyewe ni ya dakika moja. Wati zimeandikwa chini ya kifaa, ampea kwenye ekstensheni. Zidisha 13 kwa 230: ni wati 2,990. Jiko na kompyuta mpakato vinaingia. Jiko na hita haviingii, pasi nayo isubiri jiko lizimwe. Na waya wa ekstensheni usiuache umekunjwa kwenye rola yake, maana joto linakosa pa kutokea.