Bastola Ndogo na Gharama ya Wepesi

Katika maduka ya silaha ya Marekani, mtu anayetafuta bastola yake ya kwanza ya kujilinda mara nyingi huonyeshwa rivolva ndogo ya risasi tano, na muuzaji huanza kwa kuusifu wepesi wake. Umbo lenyewe ni la zamani: Colt walitoa Detective Special, ya risasi sita, mwaka 1927, na Smith & Wesson wakaleta Chiefs Special ya risasi tano mwaka 1950, zote za chuma, mtutu ukiwa inchi mbili hivi. Baadaye ikaja alumini, kisha skandi na titani, na uzito ukazidi kushuka. Hoja yangu ni kwamba wepesi ukizidi humwumiza mwanagenzi, na huyo ndiye anayeuziwa.

Chukua Smith & Wesson 640 ya chuma cha pua, yenye karibu gramu 630, na 340PD yenye karibu gramu 330. Zote hupokea risasi za .357 Magnum. Risasi ileile ikifyatuliwa, ile nyepesi hurudi nyuma kwa kasi inayokaribia maradufu, na nishati inayoupiga mkono nayo vivyo hivyo. Si hilo tu. Kila mvuto wa triga hupandisha nyundo na kuzungusha silinda, kazi inayodai nguvu ya takriban kilo tano, kwa hiyo bastola isiyo na uzito wa kutulia huyumba kabla risasi haijatoka; na kwenye mtutu mfupi kosa dogo la kulenga halionekani kwa urahisi. Anayeumia kiganja huacha mazoezi, na bila mazoezi triga hiyo haizoeleki.

Watajibu kwamba bastola nzito huishia kabatini. Ni kweli, lakini kati ya hizo mbili ipo nafasi: 642 ya alumini ina takriban gramu 410, na Ruger LCR, iliyotoka mwaka 2009, hukaribia 380 katika toleo lake la .38 Special. Hata mwenye bastola ya .357 anaweza kuitilia .38, na kwenye mtutu mfupi hapotezi mengi, maana sehemu ya baruti ya Magnum huungulia nje kama mwali. Wengine watauliza kwa nini asichukue bastola ya magazini yenye risasi nyingi zaidi. Anaweza, ila rivolva iliyofichwa nyundo hainasi kwenye nguo, na risasi moja ikikataa, unavuta triga tena. Ikibebwa mfukoni, iwe ndani ya ala inayofunika triga, na mfuko huo usiwe na funguo wala sarafu.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Bruen, ilibatilisha sharti la New York la mwombaji kuthibitisha haja maalumu ya kubeba silaha, na leo zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali chochote. Huko hakuna ofisa atakayemtaka mnunuzi aoneshe kuwa anaweza kupiga risasi tano kwenye karatasi iliyo mita saba, kwa hiyo muuzaji huenda akawa mtu wa mwisho wa kumwambia aijaribu kwanza ile nzito.